UZI: Visu vya jikoni na mapanga ya bucha ya kale, vilivyofuliwa kwa mkono. Njooni tujuzane tusipigwe

#1 – Mnoaji

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi huu niliuahidi zamani kule jukwaa la mapishi, leo naushusha. Unahusu visu vya jikoni vya zamani, vile vya chuma cha kaboni vinavyogeuka rangi, ambavyo bibi wa Kiingereza akifariki watoto wanavimwaga kwenye boksi pamoja na vijiko vilivyopinda. Unahusu pia mapanga ya bucha, yale mapana ya kuvunjia mifupa. Mimi niko Uingereza, nafanya kazi jikoni, na Jumapili alfajiri utanikuta kwenye masoko ya uwanjani ambako watu wanauza vitu kutoka kwenye buti za magari yao.

Msimamo wangu nausema mapema ili wa kubisha wabishe: jina lililogongwa kwenye kisu ni kitu cha mwisho kuangalia. Cha kwanza ni chuma kilichobaki.

Nianze na Sabatier, maana ndilo jina linaloliza watu. Ingia mnada wowote wa mtandaoni uandike jina hilo, vitakuja visu mamia, na kila muuzaji anaandika kana kwamba ni kiwanda kimoja chenye heshima zake. Hakuna kitu kama hicho. Ni jina la ukoo wa mafundi wa Thiers, mji wa milimani mkoa wa Auvergne, Ufaransa, tangu mwanzo wa karne ya 19. Jina halikulindwa mapema, viwanda vingi vikawa vinaligonga, kila kimoja na alama yake pembeni. Kuna chenye herufi K, kuna chenye tembo na nyota nne, kuna chenye simba, na kuna visivyo na chochote zaidi ya jina tupu. Vingine ni visu ambavyo mpishi anaweza kuvitumia mpaka astaafu. Vingine ni bati lenye mpini.

Kwa hiyo ukikamata kimoja, tuseme cha mpishi cha inchi 10, fanya hivi kabla hujauliza bei.

Kiangalie kwa juu, mgongoni. Kisu kilichofuliwa kwa nyundo kina mgongo mnene karibu na mpini, halafu unapungua polepole, na ukifika nchani ni chembamba kiasi kwamba ukikibonyeza kwa kidole gumba kinakubali kidogo na kurudi. Kilichokatwa kwa mashine kutoka kwenye karatasi ya chuma kina unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo huhitaji kusoma jina.

Halafu kilaze makali yake juu ya ubao ulionyooka, ukitazame usawa wa macho dhidi ya mwanga. Visu vya Kifaransa vina ile shingo nene kati ya mpini na bapa, na inashuka mpaka kwenye kisigino cha makali. Miaka yote wapishi walikuwa wakivipitisha kwenye chuma cha kunolea, makali yanaliwa, shingo haliliwi. Matokeo yake shingo linasimama juu ya ubao na mbele yake, chini ya makali, unaona mwanga unapita. Kisu cha namna hiyo hakikati kitunguu mpaka chini, kinaacha vipande vimeshikana. Ni tatizo la kawaida na linarekebishika: shingo linapunguzwa kwa jiwe taratibu mpaka lilingane na makali. Lakini bei iseme hivyo.

Mwisho tazama umbo zima. Bapa likishakuwa jembamba mithili ya kisu cha kuchuna samaki wakati kilizaliwa kisu cha mpishi, hapo umebaki unanunua mpini. Muuzaji ataandika "kimetumika kwa upendo". Mwachie upendo wake.

Nitaendelea. Maswali ruksa.

#2 – Kaka_Sufuria

Nondo. Nimekaa siti ya mbele, chai iko mezani.

#3 – Mzee wa Kariakoo

Mkuu Mnoaji samahani, sitaki kuharibu uzi. Ila sielewi mtu mzima anaamka alfajiri kwenda kununua chuma chenye kutu. Kariakoo kisu kipya kinang'aa, unapata hata seti nzima na kibao chake. Ushamba au mimi ndiye sijaelewa?

#4 – Mnoaji

Mzee wangu shikamoo, swali ni la haki.

Kisu cha seti kinakata vizuri wiki ya kwanza. Ukikinoa nyumbani hakishiki makali, kwa sababu chuma chake ni laini na hakikutiwa maji (kuchovywa kikiwa cha moto ili kiwe kigumu) inavyotakiwa. Cha zamani chenye kaboni karibu asilimia 1 unakipitisha kwenye jiwe dakika chache, kinanyoa nywele za mkono. Hasara yake ipo: hakitaki ndimu, hakitaki embe bichi, na ukikiacha kwenye sinki usiku asubuhi unakuta madoa mekundu. Mtu mvivu wa kufuta kisu abaki na stenlesi, namwambia kwa roho nyeupe.

Kuna jambo jingine linanikera. Siku hizi matangazo mtandaoni yamejaa "kisu cha kale kilichofuliwa kwa mkono", picha ya mzee mwenye ndevu, cheche, bapa limejaa vishimo vya nyundo. Vishimo vile mara nyingi vinagandamizwa na mashine kwa sekunde moja. Kisu cha kale cha jikoni cha Ulaya hakina vishimo vya nyundo! Vilikuwa vinasagwa na jiwe mpaka bapa lote linakuwa laini. Ukiona vishimo na mtu anakwambia ni cha miaka ya 1880, muage vizuri uondoke.

Na hata hicho "kwa mkono" si mkono wa mtu mmoja. Pale Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, kazi ya kisu iligawanywa kwa mafundi watatu ambao kila mmoja alikuwa na karakana yake. Kulikuwa na mfuaji, kulikuwa na msagaji, halafu kulikuwa na anayefunga mpini. Kisu kilitembea mitaani kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na jina linalogongwa ni la mfanyabiashara, ambaye pengine hakukigusa kabisa. Wengi wa mafundi wale walikuwa watu wa kujitegemea, wamekodi chumba na jiwe ndani ya jengo la mtu.

Msagaji ndiye aliyelipa gharama. Kule Sheffield alikaa kwenye tandiko la ubao kama mpanda farasi, jiwe kubwa la mchanga linazunguka mbele yake. Mito mitano ya mji ule, Don, Sheaf, Porter, Rivelin na Loxley, ilikuwa imejaa magurudumu ya maji ya kuzungusha mawe hayo. Lile la Shepherd Wheel kwenye mto Porter limehifadhiwa mpaka leo. Waliosaga kwa jiwe kavu, hasa wasaga uma, vumbi liliwaingia mapafuni na wengi hawakufikisha miaka 40. Thiers wao walilala kifudifudi juu ya mbao, uso karibu na jiwe, mto Durolle unapiga kelele chini yao, na mbwa amelala juu ya miguu yao kuwapa joto. Hii ya mbwa si hadithi, zipo picha za zamani.

Mimi nikishika bapa lililosagwa hivyo, nikaona mistari ya jiwe bado ipo karibu na shingo, siwezi kulipeleka kwenye grainda kulifanya ling'ae.

#5 – Mzee wa Kariakoo

Marahaba. Kwenye mbwa umenimaliza. Endelea.

#6 – BuchaVingunguti

Mkuu mimi ni mtu wa nyama tangu nikiwa kijana, visu vyembamba sina habari navyo. Nieleze ya mapanga. Marehemu baba aliacha panga la bucha zito ajabu, alilipata kwa Mgoa mmoja aliyefunga duka la nyama zamani. Limechoka, mpini umefungwa kwa mpira wa tyubu, lakini mfupa wa paja linapasua mara moja. Haya mapya ninayonunua yanapinda mdomo au yanameguka. Kwa nini?

#7 – Mnoaji

Umegusa penyewe.

Panga la bucha halikati kwa ukali, linapasua kwa uzito na pembe. Fundi wa zamani aliacha mgongo mnene, uzito mwingi mbele, na makali yenye pembe butu. Halafu alilipunguza ugumu kwa makusudi baada ya kulitia maji, ili lipokee pigo bila kumeguka. Ndiyo maana tupa ya kawaida inalinoa. Jaribu hilo la mzee: pitisha tupa nzuri mdomoni. Ikishika na kutoa unga wa chuma, uko sawa. Mapya yanayokusumbua ni ya aina mbili. Yanayopinda hayakutiwa maji vizuri, na yanayomeguka yalitiwa maji yakaachwa magumu bila kurudishwa kwenye moto.

Wakusanyaji wengi wa mapanga wanatazama Marekani, na wana sababu. Kabla ya misumeno ya umeme kuenea, ng'ombe mzima alipasuliwa katikati ya uti wa mgongo kwa panga la mikono miwili lenye mpini mrefu. Kulikuwa na soko kubwa. Majina utakayokutana nayo ni William Beatty & Son wa Chester, Pennsylvania; Foster Bros.; na L. & I. J. White wa Buffalo, ambao walitengeneza pia zana za mafundi wa mapipa. Ukiona limegongwa SOLID STEEL, maana yake bapa lote ni chuma cha pua. Lilikuwa jambo la kujisifia, kwa sababu zana nyingi za kale, mashoka hasa, zilikuwa na mwili wa chuma laini na kipande cha chuma cha pua kimeungwa mdomoni tu, kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa ghali.

Kabla ya kununua panga lolote, litundike kwenye lile tundu lake la kona, kwa uzi, uligonge na kitu cha mbao. Zima linatoa mlio mrefu. Lenye ufa linatoa mlio mfupi uliokufa. Wauzaji wanakushangaa kidogo, waache washangae. Ufa mdogo kwenye makali unaweza kusagwa ukaisha, ufa unaopanda kuelekea mgongoni ni hatari kwa macho yako na ya mteja.

Na usivunjie mifupa iliyogandishwa. Ya zamani, mapya, yote yatameguka. Tumia msumeno.

#8 – BuchaVingunguti

Tupa imeshika! Imetoa unga. Nitaondoa huu mpira wa tyubu nione kuna nini chini.

#9 – Fundi_Kamukunji

Niaje wadau. Mimi niko Kamukunji, Nairobi, tunafua hapa mchana kutwa. Naona mnasifia Wazungu tu. Visu na mapanga yetu tunatoa kwa springi za magari, zile za majani za lori na Land Rover. Bucha kibao wanatumia na hawalalamiki. Hii si ya kufuliwa kwa mkono? Ama mpaka iwe na kutu ya miaka 100?

#10 – Mnoaji

Fundi, springi ni chuma kizuri kabisa kwa panga. Ina kaboni karibu asilimia 0.6, na imetengenezwa kuvumilia kupindwa na kurudi. Kwa kazi ya kupasua naichukua mbele ya mapanga mengi ya dukani. Kwa kisu chembamba cha kukata nyanya hapo ndipo kile cha kaboni nyingi kinaishinda kwa kushika makali. Nina ombi moja tu kwenu: gongeni alama yenu. Herufi mbili tu karibu na mpini. Miaka 80 ijayo mtu atataka kujua ni karakana gani.

Na nyumba zetu zilikuwa na chuma cha Waingereza muda mrefu tu. Wenye shamba mtakumbuka mapanga yenye alama ya mamba. Yale ni ya Ralph Martindale wa Birmingham. Ya zamani yaliyobaki mazima siku hizi yana watu wanaoyatafuta.

#11 – Fundi_Kamukunji

Ya mamba shosho anayo, imeisha ikabaki kama kijisu, bado hataki kuitupa. Poa, alama tutagonga.

#12 – Dada_Mwanga

Naomba kuuliza jamani. Hapa Leicester nimeona kisu kimeandikwa SHEFFIELD tu na chini yake CAST STEEL. Muuzaji anasema ni cha wakati wa Malkia Victoria. Nitajuaje?

#13 – Mnoaji

Swali zuri, na majibu yake yana mitego.

CAST STEEL ni chuma kilichoyeyushwa ndani ya chungu cha udongo. Aliyeanzisha njia hiyo ni Benjamin Huntsman, mtengeneza saa aliyekuwa akitafuta springi bora za saa zake, miaka ya 1740. Kabla yake walikuwa wanafungia vyuma vya Sweden pamoja na mkaa kwenye tanuru siku nyingi mpaka kaboni iingie. Chuma hicho kilitoka na malengelenge, kikakunjwa na kufuliwa upya, na kisu chake mara nyingi kimegongwa SHEAR STEEL. Tanuru moja la namna hiyo bado limesimama Sheffield, mtaa wa Doncaster, la mwaka 1848. Chekesho la historia ni kwamba chuma cha Huntsman mafundi wa Sheffield walikikataa mwanzoni, wakasema ni kigumu mno kukifanyia kazi. Akawauzia Wafaransa. Visu vya Ufaransa vilipoanza kurudi Uingereza na kuwashinda sokoni ndipo wakaamka.

Kwa hiyo maneno CAST STEEL peke yake hayakupi mwaka, yaligongwa kwa zaidi ya miaka 100. Angalia mengine. Herufi V R na taji katikati zinaelekeza kipindi cha Victoria, 1837 hadi 1901. Neno STAINLESS au RUSTLESS likiwepo, ni baada ya 1913, mwaka Harry Brearley wa Sheffield alipopata chuma hicho akiwa anashughulikia mitutu ya bunduki inayolika ndani. Muuzaji akikwambia stenlesi ni ya Victoria, hapo ni kichekesho.

#14 – Mpemba_wa_Boston

Niongeze la huku Marekani. Sheria ya ushuru ya 1890 ilitaka, kuanzia 1891, bidhaa zinazoingia ziandikwe nchi zilikotoka. Kwa hiyo kisu kilicholetwa huku kikiwa kimeandikwa SHEFFIELD bila ENGLAND kina nafasi nzuri ya kuwa kabla ya hapo. MADE IN ENGLAND kwa kirefu chake kwa kawaida ni karne ya 20. Lakini kilichouzwa Uingereza kwenyewe hakikubanwa na sheria hiyo, kwa hiyo dada wa Leicester asikimbilie.

Na kwa wapenzi wa visu vya kawaida vya jikoni na bucha, huku Massachusetts ndiko kulikuwa nyumbani kwake. John Russell alianza kiwanda Greenfield mwaka 1834, ndiye wa alama ya Green River. Lamson & Goodnow wakaanza Shelburne Falls mwaka 1837. Wakati huo visu vingi vya Marekani vilitoka Sheffield. Vilivyochakaa bado vinapatikana hapa kwa bei ya sahani ya chipsi, kwa sababu wakusanyaji wengi wanakimbilia visu vya uwindaji na kuviacha vya jikoni.

#15 – Dada_Mwanga

Asanteni. Kina V, taji na R, ENGLAND hakuna. Mgongo unapungua mpaka nchani kama alivyosema. Kina kutu ya wastani, nakichukua. Sasa nasafishaje? Mume wangu anasema alaze kwenye siki usiku kucha.

#16 – Mnoaji

Mzuie!

Siki inaondoa kutu, kweli, lakini haichagui, inakula na chuma. Usiku kucha utakuta bapa limekuwa la kijivu butu, na alama iliyogongwa kwa kina kidogo imefifia. Siki naitumia dakika chache tu kwa panga lililooza kabisa, halafu nalisuuza kwa maji yenye magadi na kulikausha papo hapo.

Kwa chako fanya hivi. Pakaa mafuta mepesi ya mashine, acha yaingie. Chukua pamba ya chuma iliyo laini kabisa, ile ya sifuri nne, sugua ukifuata urefu wa bapa, usizungushe. Mafuta yatakuwa ya kahawia, futa, rudia. Utafika mahali wekundu umeisha na kumebaki weusi na kijivu. ACHA HAPO. Ule weusi haudhuru, unapunguza kasi ya kutu mpya, na ndio umri wa kisu wenyewe. Wanaoupiga msasa mpaka kinang'aa wanapoteza mistari ya msagaji na nusu ya bei. Vishimo vidogo vya kutu ya zamani mgongoni au ubavuni visikuumize kichwa. Vikiwa kwenye makali ndiyo shida, kwa sababu kila ukinoa utakutana na pengo.

Mpini usiulowanishe. Ukuni ukinyonya maji unavimba, ukikauka unaachia ribiti. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha siku moja, pakaa mafuta ya kitani kidogo kidogo. Kwenye bapa baada ya kila matumizi weka tone la mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwenye chakula. Mafuta ya alizeti hapana, yanaganda na kunata.

Jambo la mwisho, kubwa kuliko yote: asikiguse na grainda. Chuma hiki kikipata joto la takriban nyuzi 300 kinageuka bluu, na palipogeuka bluu ugumu umeondoka. Sekunde chache tu zinatosha kwenye ncha nyembamba. Kisu kimekufa, hata ukinoe vipi.

Na ukitoka sokoni kifunge vizuri kwenye gazeti, weka kwenye buti, nenda moja kwa moja nyumbani. Kutembea na kisu cha jikoni mtaani Uingereza bila sababu ya maana ni kosa, na polisi hawapendi hadithi za Malkia Victoria.

#17 – Fundi_Kamukunji

Hiyo ya bluu ni kweli kabisa. Vijana hapa wanachoma vifaa vya watu kila siku wakinoa kwa haraka. Weka ndoo ya maji karibu, kila mguso mmoja unachovya. Ukisikia moto kwenye kidole umeshachelewa.

#18 – Seremala Lindi

Mipini myeusi ya hizo Sabatier, ni mpingo wetu?

#19 – Mnoaji

Kwa kawaida hapana. Ile ni ebony, miti ya jenasi Diospyros. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, ndugu wa miti ya jamii ya kunde, na soko lake kubwa Ulaya ni klarineti na ala nyingine za kupuliza. Na mingine myeusi ni ukuni wa kawaida uliopakwa rangi, utaona hudhurungi pale ulipochubuka. Visu vya Kiingereza vya jikoni vingi vina mpini wa mti uitwao biichi, mweupe mwekundu hivi.

Ila seremala, mpingo kwenye kisu ni mali. Mzito, haunywi maji. Ukitengeneza mpini wa kusafirisha nje kumbuka Dalbergia zote ziko kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) tangu Januari 2017, uliza vibali kwanza.

#20 – Bibi wa Shangani

Assalaam alaykum. Nafuata mazungumzo yenu kimya kimya toka juzi. Mimi niko Unguja. Bibi yangu aliacha visu vya mezani, mipini myeupe, bapa limeandikwa Joseph Rodgers na nyota na msalaba. Mjukuu aliye London ananambia nimpelekee akauze, eti ni pembe ya ndovu, pesa nyingi. Mnasemaje wanangu?

#21 – Mnoaji

Waalaykum salaam bibi, shikamoo. 

Joseph Rodgers walikuwa wakubwa wa Sheffield, na nyota na msalaba ndiyo alama yao halisi. Pembe za ndovu walinunua kwa wingi mno. Karne ya 19 soko kuu la pembe la upande wetu wa Afrika lilikuwa hapohapo Unguja. Zilishuka kwa mabega ya wapagazi kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavuka, zikapanda meli. Kwa hiyo inawezekana kabisa pembe iliondoka Forodhani ikarudi ikiwa mpini wa kisu.

Lakini nyeupe yote si pembe. Tazama kitako cha mpini kwa kioo cha kukuzia: pembe ya kweli ina mistari myembamba inayokatana, inatengeneza vipembe. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Seluloidi ina mistari sambamba iliyonyooka kuliko kawaida. Usijaribu sindano ya moto kama wanavyofundisha mtandaoni, seluloidi inashika moto.

#22 – Mpemba_wa_Boston

Bibi shikamoo. Mipini ikiwa pembe, mwambie mjukuu atulie. Uingereza sheria yao ya pembe ya 2018 imeanza kutumika Juni 2022, na kisu chenye mpini mzima wa pembe hakipiti kwenye msamaha wa vitu vyenye pembe kidogo chini ya asilimia 10. Huku Marekani wamebana tangu 2016. Na kuvusha mpaka bila vibali vya CITES ni kesi, hata kama ni vya marehemu, hata kama ni zawadi, hata kama ni kimoja. Connecticut hapa jirani kuna mji unaitwa Ivoryton kwa sababu ya pembe hizohizo za Unguja walizokatia vitufe vya piano, na hata wao leo hawauzi.

#23 – Bibi wa Shangani

Marahaba wanangu. Nimetazama kwa kioo, mistari inakatana. Basi havendi London wala wapi. Huyo mjukuu akitaka aje avilie biriani hapa.

#24 – BuchaVingunguti

Heshima yako bibi. Mnoaji, nimeondoa tyubu. Mpini chini yake umeoza, ribiti tatu za chuma zimeshikwa na kutu. Bapani panaonekana herufi F O S halafu pamelika. Nifanyeje mpini?

#25 – Mnoaji

Mkuu!! F O S na ribiti tatu? Huenda ni wale Foster Bros. niliowataja! Usiguse herufi na chochote zaidi ya mafuta, na utupigie picha kwa mwanga wa pembeni, jioni, zitatokea vizuri zaidi.

Ribiti zisipigwe nyundo kutoka upande mmoja, utapindisha mkia, yaani chuma kinachoingia kwenye mpini. Toboa kichwa cha kila moja kwa keekee hadi kichwa kiondoke, halafu sukuma kilichobaki polepole. Ukuni uliooza usiutupe, utakuwa kipimo. Mpelekee seremala wa Lindi hapo juu akukatie vipande viwili vya mninga au mpingo, viachie unene zaidi kidogo, utavipunguza kwa mkono wako mwenyewe mpaka vikae.

#26 – Seremala Lindi

Nina mabaki ya mpingo. Nitumie urefu, upana, na nafasi kati ya matundu. Nauli ya basi juu yako.